Jumatano: Hezekia Baada ya Kupona

Soma Isaya 38:1–21 na 2 Mambo ya Nyakati 32:24–26. Je, ugonjwa ulimbadilisha Hezekia kwa namna gani? Mafungu haya yanatofautianaje?

Mara nyingi tunaisimulia habari ya Hezekia hadi kwenye ile miaka 15 aliyoongezewa, kisha tunafunga Biblia. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anaendelea. Mfalme aliyelia akiwa ameugeukia ukuta, kisha akaandika shukrani zake alipopona, aliingiwa na kiburi. Ilimpasa kunyenyekea upya, yeye na watu wa Yerusalemu. Basi ugonjwa peke yake haumkomazi mtu.

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha dodoso la kupima ukuaji unaoweza kuonekana kwa mtu baada ya pigo kubwa la maisha: ukaribu na wengine, njia mpya, nguvu ya ndani, mabadiliko ya kiroho, na kuuthamini uhai. Limetumika sana kwa wagonjwa wa saratani. Lakini wao wenyewe walisisitiza kwamba ukuaji huo hutokana na kupambana na pigo, wala si pigo lenyewe, na kwamba huzuni yaweza kubaki papo hapo.

Fikiria dada wa Kisawasawa mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Akiandikiwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, atapitia Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam, na akae huko majuma kadhaa. Mpunga unabaki bila wa kuuamia ndege. Watoto wanabaki kwa bibi yao. Akirudi tunamwita mbele ashuhudie. Tunataka aseme Bwana amemfundisha, na huenda ni kweli. Huenda pia usiku halali, akiogopa ugonjwa utarudi, na hana pa kulisema hilo. Tukimdai ushuhuda ambao hajaupata, tunamzoeza kuficha. (Wanaomshauri aache tiba ili kuonesha imani wasome tena Isaya 38:21. Ahadi ilikwisha kutolewa, na bado nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu.)

Soma 2 Wakorintho 1:3–11. Paulo anakiri nini katika fungu la 8? Anawaomba Wakorintho wafanye nini katika fungu la 11?

Mtume hakujikaza. Aliwaandikia Wakorintho, ambao baadhi yao walikuwa wakimdharau, kwamba kule Asia alikata tamaa hata ya kuishi. Kisha anaieleza faraja kama kitu cha kupokezana: aliyefarijiwa ndiye anayejua kumfariji mwingine. Dada yule huenda asiwe na neno la kusema mimbarani, lakini akaketi mkekani na jirani aliyeambiwa jana kwamba ana uvimbe, akamweleza mionzi ilivyo, kisha akamsindikiza kwenda kupima. Huo nao ni ukuaji, na hakuna anayeupigia makofi.

Zungumzeni darasani: Katika kanisa lenu, je, mgonjwa anaweza kusema “ninaogopa” bila kukemewa kwamba hana imani? Na akiwa Dar es Salaam kwa matibabu, ni nani kati yenu ataamia mpunga wake?