RNA zisizounda protini na maumivu ya viungo katika chikungunya

Mgonjwa wa Kidodi mwenye homa kali na viungo vilivyovimba, ambaye kipimo hakikuonyesha vimelea vya malaria, huenda ameambukizwa virusi na mbu aumaye mchana. Chikungunya ni mojawapo ya magonjwa hayo. Ulitambuliwa kwanza uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952. Jina lake la Kimakonde laeleza kupindika kwa aumwaye viungo.

Uvimbe huo hautokani na virusi peke yake. Kinga ya mwili ndiyo inayouamsha, nayo ina breki zake. Seli hutengeneza RNA fupi, zenye nyukleotidi zipatazo 22 tu, zisizobeba maelekezo ya kuunda protini. Mojawapo, miR-146a, hujibandika kwenye RNA zinazobeba maelekezo ya TRAF6 na IRAK1, protini zipelekazo ishara za uvimbe. Protini hizo hupungua, na ishara hufifia. Katika maabara, virusi vya chikungunya vimeonekana kuongeza miR-146a ndani ya seli za utando wa viungo. Hapo ndipo penye utata: breki imlindayo mgonjwa dhidi ya kinga yake mwenyewe yaweza pia kuvipa virusi nafasi ya kuzaliana. Hadi sasa hakuna dawa ya ugonjwa huu inayotumia njia hiyo.

Zahanati hutegemea parasetamoli, vinywaji na mapumziko. Aspirini na diklofenaki zisubiri hadi ithibitike kuwa si dengi, kwani zaweza kuzidisha kutoka damu. Maumivu yadumuyo miezi kadhaa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, hata virusi visipoonekana tena katika damu.