Unga Kwanza Ulowe: Vimeng'enya Katika Jiko la Gudele

Sokoni Gudele, upande wa magharibi wa jiji la Juba, unga wa mhogo hukaa bega kwa bega na unga wa mtama. Mwingine umeshuka na malori ya Uganda kupitia Nimule, mwingine umetoka mashamba ya Equatoria. Wauzaji wengi huuita mhogo bafra. Mnunuzi huangalia weupe, huchota kidogo, hunusa, hulipa. Lakini weupe hausemi lolote kuhusu sumu. Unga salama hutofautiana na unga wa hatari kwa jambo moja: kama mhogo ulipata maji na muda wa kutosha kabla ya kukauka. Maji na muda huo ni vya kazi ya vimeng'enya.

Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 33 walikula msibani wakaanza kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo. Mkasa ulipokwisha, waliougua walikuwa 98, na 2 kati yao walifariki. Unga wa mhogo uliochukuliwa na kupimwa ulikuwa na sayanidi ya wastani wa miligramu 88 kwa kilo, ilhali kiwango cha usalama cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa kawaida, wa kila siku.

Kimeng'enya ni nini

Ndani ya kila kiumbe, mabadiliko ya kikemia hutokea bila kukoma: wanga unageuka sukari, nyama inavunjwavunjwa tumboni, damu inabeba hewa chafu kuitoa nje. Mengi ya mabadiliko hayo yakiachwa yatokee yenyewe yangechukua siku, miaka au zaidi. Vimeng'enya huyaharakisha, na baada ya kazi hubaki kama vilivyokuwa, tayari kwa zamu nyingine. Karibu vyote ni protini. Kimoja kilichomo kwenye chembe nyekundu za damu huweza kushughulikia hadi molekuli milioni moja za kabonidioksidi kwa sekunde moja.

Kila kimeng'enya kina kazi yake. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alisema kimeng'enya na kile kinachobadilishwa nacho hushikana kama kufuli na ufunguo wake, ndiyo maana kimeng'enya cha wanga hakigusi mafuta. Miaka 3 baadaye, Eduard Buchner alisaga hamira mpaka seli zote zikapasuka, akakamua maji yake, na maji hayo yakaendelea kugeuza sukari kuwa pombe. Hapo ikawa wazi kwamba kimeng'enya si kidudu hai. Hata hivyo huharibika. Joto la moto mkali hulikunjua umbo lake, na umbo likishapotea kazi imekwisha, hata chakula kipoe vipi.

Mhogo na sumu yake

Mzizi mbichi wa mhogo una linamarini, kemikali inayobeba sayanidi, kiasi kikubwa zaidi katika mhogo mchungu na katika mwaka wa ukame. Una pia kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi. Katika mzizi mzima vitu hivi havikutani: linamarini imehifadhiwa ndani ya seli, linamarasi iko kwenye kuta zake. Mhogo ukikwaruzwa, ukitwangwa au ukilowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, seli hupasuka na viwili hivyo hukutana. Linamarini inavunjika, na mwishowe hutoka hewa ya sayanidi. Sayanidi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, na mchana wa Juba hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kwa hiyo huondoka yenyewe, mradi tu imeachwa itoke.

Wapishi wengi huamini kwamba moto unamaliza kila sumu. Kwa mhogo mchungu imani hiyo ni ya hatari. Sufuria ikichemka haraka, linamarasi huharibika mwanzoni kabisa, wakati linamarini inavumilia joto na kubaki ndani ya chakula. Jua nalo, linalosifiwa kwa kila kitu, huchangia kosa hilo: vipande vikianikwa moja kwa moja kwenye jua kali, maji hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na pasipo maji kimeng'enya husimama. Sumu iliyobaki husagwa pamoja na unga.

Unga ukiwa umeshanunuliwa, dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake waliipima. Unga mkavu hutiwa kwenye beseni, na usawa wake hutiwa alama kwa ndani. Maji safi huongezwa kidogo kidogo huku unga ukikorogwa. Mwanzoni unga hushuka, kisha hupanda. Ukifika tena kwenye alama, maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa juu ya mkeka safi, unene usiozidi sentimita 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Linamarasi iliyobaki ndani ya unga huamka, na sayanidi huondoka. Asida, yaani ugali, hupikwa siku hiyohiyo, kwa kuwa unga uliolowa huchacha ukilala. Katika kijiji cha Kay Kalenge, jimbo la Bandundu la Kongo wakati huo, kina mama walifundishwa njia hii kuanzia 2010, na katika kipindi kilichofuatiliwa hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo.

Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu ghafla, na hauponi. Huwashika hasa watoto na wanawake wanaokula mhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi bila kitoweo cha maana. Wilaya ya Tarime, Tanzania, iliuona mwaka 1985, kipindi cha ukame na njaa.

Kitoweo kinahusikaje? Sayanidi huua kwa kuziba kimeng'enya kinachozisaidia seli kutumia oksijeni. Mwili una kimeng'enya kingine, rodanesi, cha kuigeuza sayanidi kuwa kitu kisicho na makali, lakini rodanesi inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Samaki wa Nile, maharage, mchuzi wa karanga: sahani ya mhogo yenye kimojawapo ni salama zaidi kuliko mhogo mtupu.

Majani ya mhogo nayo yatwangwe mpaka yalainike kabisa, yaachwe kidogo, kisha yachemshwe bila kifuniko. Mtu akila mhogo kisha akapata kizunguzungu, kuumwa kichwa na kutapika, asisubiri kupambazuke. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au Juba Teaching Hospital, na unga uliobaki uwekwe kando upimwe.

Uji wa mtoto

Vimeng'enya vina kazi nyingine jikoni: kulainisha uji wa mtoto. Mtoto aliyefikisha miezi 6 ana tumbo dogo. Uji mwepesi humjaza maji, uji mzito humshinda kumeza. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilitatua hili kwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao umejaa amilasi, kimeng'enya cha kuvunja wanga. Uji mzito hupikwa mpaka uive. Huepuliwa, ukaachwa upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiochemka, ndipo kijiko cha kimea hukorogwa ndani. Kwa dakika chache uji hulegea machoni pa mpishi, bila kuongezewa maji hata tone. Kisha hurudishwa motoni uchemke tena, kuua vijidudu vilivyokuja na kimea. Kikitiwa uji ukiwa unatokota, amilasi huharibika palepale na uji hubaki mzito.

Kwa kimea cha mtoto, wimbi ni bora. Mtama, yaani dura, unafaa, ila machipukizi na vijizizi vyake vina sumu ya jamii ileile ya mhogo. Punje zikishaota na kukauka, zisuguliwe viganjani, zipepetwe, na machipukizi na vijizizi vyote vitupwe kabla ya kusaga; mbuzi na kuku wasipewe. Unga wa kimea uhifadhiwe mkavu kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko, maana ukipata unyevu amilasi itaanza kazi humohumo ndani ya kopo.