Dondoo muhimu: Lipia begi kabla hujafika uwanjani

Nauli ya ndege ya bei chee si gharama ya safari nzima. Ni bei ya kiti na begi dogo linaloingia chini ya kiti cha mbele. Ryanair hukubali bure begi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, easyJet 45 kwa 36 kwa 20, magurudumu na mpini vikihesabiwa. Kwa hiyo lipime likiwa limeshajazwa, maana mfuko wa nje uliotuna kwa chaja na kandambili ndio unaokwama kwenye kipimo cha chuma cha kukagulia ukubwa wa mabegi. Likizidi, lilipie siku ileile unayokata tiketi. Ghali kuliko zote ni tozo ya kwenye mlango wa kupandia ndege, ambako huna muda wala pa kukimbilia.

Wapo watakaosema sheria iko upande wa abiria. Ni kweli kwa kiasi: mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mzigo wa mkononi wenye uzito na ukubwa wa wastani usitozwe, na Novemba 2024 Uhispania iliyapiga mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179. Lakini mashirika yakapinga, na mhudumu wa mlangoni hasikilizi kesi. Lipa, tunza risiti, dai baadaye. Wengine huvaa makoti matatu kukwepa tozo. Hakuna wa kuwazuia, ila kwenye ukaguzi watayavua yote, moja baada ya jingine, huku foleni nzima ikiwatazama.