Pesa za Mama ni za Nani?



Katika mafundisho ya wanandoa parokiani, mama mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, nikiuza maziwa, pesa ni zangu au ni za mzee?" Kina baba walicheka. Yeye hakucheka. Baadaye alinieleza (mambo mengine nimeyabadilisha asije akajulikana) kwamba kila malipo ya maziwa yanapoingia, mzee huchukua simu, huingiza namba ya siri ya M-Pesa na kutoa zote. Mama akiuliza habari ya karo, anapigwa.

Tumezoea kusema kwamba vipigo huletwa na pombe. Pombe ipo, lakini wako kina baba wasioonja pombe ambao hupiga siku ya malipo. Mume anaona mke ameanza kupata chake, anaogopa kwamba hatatiiwa tena. Na mama asiye na senti, akipigwa aende wapi? Hana nauli ya kumfikisha kwa wazazi wake, wala kodi ya chumba. Basi anakaa, nasi tunamsifu kuwa ni mvumilivu.

Mimi mwenyewe nilikosa. Miaka iliyopita nilimwambia mama mmoja arudi nyumbani, asali na avumilie. Alirudi. Nilipomwona tena, mkono ulikuwa umefungwa plasta.

Kanisa halifundishi hivyo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inampa ruhusa aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuishi mbali na mwenzake, ingawa kifungo cha ndoa kinabaki. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikubali kwamba kutengana kunaweza hata kuwa wajibu, ili kumlinda aliyeonewa na watoto. Na yule mke mwema wa Mithali 31, tunayemtaja sana harusini, alinunua shamba na kulipanda mizabibu kwa mapato yake. Sehemu hiyo huwa tunairuka!

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani haihesabu kipigo tu. Kumnyima mwenzako pesa anazostahili, au kumzuia asifanye kazi ya kumpa kipato, nako ni unyanyasaji, na mahakama yaweza kutoa amri ya kumlinda. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kupika, kulima na kulea watoto kuwa mchango katika mali hiyo.

Baba, usiseme haraka, "Mimi sipigi." Mkeo anaweza kumnunulia mtoto dawa bila kukuomba? Jioni hii kaeni na karatasi, kila mmoja aandike anachopata na anachotumia. Mkubaliane cha nyumba nzima, na kila mmoja abaki na akiba yake na namba yake ya siri.

Lakini mama unayepigwa, usianze mazungumzo hayo peke yako usiku. Kwanza mwambie mtu unayemwamini, umwekee kitambulisho chako na nauli. Simu 1195 hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Yule mama wa maziwa nilipompa namba hiyo hakuiandika popote. Aliikariri.