Tezi ya Shingo Haipigiwi Ramli: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Tezi ya thairoidi ni kitu kidogo, gramu 20 hivi, imekaa mbele ya koo chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, utumbo, hedhi, akili, hata joto la ngozi. Ikilegea, kila kitu kinalegea. Ikizidisha, kila kitu kinakimbia. Maradhi yake ya kawaida hujulikana kwa damu kidogo tu, na mengi hutulizwa kwa vidonge. Hata hivyo watu hukaa nayo miaka wakibahatisha. Kwa hiyo yanayofuata yasomwe kama maagizo, si maoni.

Usimpe mtu ugonjwa kwa kumtazama. Mwanamke anakonda huku anamaliza sahani mbili, moyo unamwenda mbio, anatoka jasho wakati wenzake wamejifunika kanga, usingizi hauji. Mtaa umeshatoa hukumu: "Huyo ana ngoma." Mwingine ananenepa ilhali hali sana, anasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, choo kigumu, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, hedhi haikatiki. Huyo anaambiwa mvivu, au ana mawazo, au ni umri. Wa kwanza huenda tezi yake imezidi kasi, wa pili huenda tezi yake imelala. Wote wawili wanahitaji kipimo, na maneno ya jirani si kipimo.

Jichunguze, lakini usijihukumu. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, piga funda la maji. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka unapomeza. Kisha nyosha mikono mbele, vidole vimetanuka, mtu akuwekee karatasi juu yake. Karatasi ikitetemeka kama jani, peleka hiyo habari kwa daktari. Usiipeleke duka la dawa.

Omba TSH kwanza. Ndicho kipimo cha kuanzia. Kikiwa hakiko sawa, ndipo hufuata homoni za thairoidi yenyewe: T4 huru, na penye dalili za kuzidi kasi, T3. Ukikuta maabara inakuuzia orodha ya vipimo kumi siku ya kwanza, uliza kila kimoja ni cha nini.

Usisome TSH kinyume. Hapa wengi hukosea, hata wenye elimu zao. TSH haitoki shingoni, hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Ni msimamizi wa kibarua: mfanyakazi akilala, sauti ya msimamizi inapanda. TSH ya juu ni dalili ya tezi iliyolala. Ya chini, mara nyingi, ni tezi iliyozidi. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4.0, lakini fuata kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara yako.

Taja kila unachomeza kabla ya kutolewa damu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kupotosha majibu hadi mzima aonekane mgonjwa. Viache siku mbili au zaidi kabla ya kipimo. Amiodaroni ya moyo na lithiamu ya maradhi ya akili nazo huivuruga tezi yenyewe. Hizo usiziache mwenyewe, zitaje tu.

Usikubali kuchanjwa shingo. Wembe, moto, dawa ya kupaka inayounguza: hakuna hata kimoja kinachofika kwenye tezi. Kinachofika ni usaha na makovu, na daktari wa upasuaji akija baadaye anakuta njia imeharibika.

Uvimbe upigwe ultrasound. Fundo lenye dalili za kutia shaka huchukuliwa sampuli kwa sindano nyembamba. Mafundo mengi si saratani. Ila ukiwa na fundo gumu linalokua haraka, sauti imekwaruza wiki kadhaa, au chakula kinakwama, usingoje sikukuu ipite.

Tumia chumvi yenye madini joto, yaani iodini, na uitunze. Rovu, yaani uvimbe wa tezi, la vijiji vya milimani lina historia ndefu kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hadi kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Udongo uliosombwa na mvua hauna madini hayo, na tezi huvimba ikiyatafuta. Idjwi watafiti waliona jambo la ziada: muhogo usioandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwa kuwa sumu yake ikivunjwa mwilini huacha kitu kinachoizuia tezi kunyakua madini joto. Kwa hiyo muhogo mchungu uloweke kwa siku zake zote, usifupishe kwa sababu wageni wamefika. Kenya iliagiza chumvi iwekwe madini joto mwaka 1978, Tanzania ikafuata katikati ya miaka ya 1990. Nyumbani ifunike, iweke mbali na jiko na unyevu, uitie chakula kinapokaribia kuiva. Wala usijidanganye kwamba chumvi ghafi ya mashamba ya pwani inatosha kwa kuwa imetoka baharini. Maji yakikauka, madini joto yanayobaki humo ni kidogo mno.

Usimeze madini joto kama dawa. Vidonge vya mwani na matone ya iodini yanayouzwa mitandaoni ni hatari kwa mwenye rovu la mafundo la siku nyingi. Chumvi ya madini joto ilipoenea Zimbabwe na Kivu miaka ya 1990, madaktari walipokea wagonjwa wapya wa tezi iliyozidi kasi, wengi wao watu wazima wenye rovu la zamani. Chumvi iliokoa wengi zaidi, na haikutupwa. Lakini mtu aliyekwisha kuvimba shingo hajitibu kwa chupa ya iodini.

Kama tezi yako imelala na umepewa levothairoksini, homoni ya tezi iliyo kidonge, imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Asubuhi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa si maji. Kahawa si maji. Vidonge vya kuongeza damu, kalisi na dawa za kiungulia zikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Aliyefunga Ramadhani ana njia mbili za kuzungumza na daktari wake: anywe akiamka, nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala, saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Chagua moja ushike hiyo hiyo mwezi mzima.

Usiache kwa sababu umepona. Hujapona, dawa inakufanyia kazi ambayo tezi imeshindwa. Homoni hii hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo ukiacha hutajua wiki ya kwanza, na hapo ndipo mtu hujisifu kwamba aligundua haihitaji. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alianza kumtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji ya tezi za kondoo. Mama huyo aliendelea na tiba akaishi hadi miaka 74. Sisi tuna kidonge safi kilichopimwa kwa mikrogramu, halafu mtu anakiacha kwa sababu ya harusi ya Tanga!

Rudia TSH baada ya wiki sita hadi nane kila dozi inapobadilishwa. Kabla ya hapo majibu hayajatulia. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, aanze na dozi ndogo, na asiongezewe kwa pupa.

Usitumie levothairoksini kupunguza unene. Kama tezi yako ni nzima, utakachopunguza kwanza ni usalama wa moyo wako na uimara wa mifupa.

Kama tezi yako imezidi kasi na unatumia kabimazoli, dawa ya kuituliza, jifunze sentensi hii kwa moyo: homa au koo kuuma, acha dawa, nenda ukapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo. Si kesho. Si baada ya dozi ya antibiotiki ya duka la jirani. Ni nadra dawa hii kuzimaliza chembe hizo, lakini ikizimaliza, koo la kawaida linaweza kuua. Macho ya njano nayo ni sababu ya kurudi upesi. Kwa ugonjwa wa Graves, unaoizidisha tezi kasi na ulioitwa kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, tiba ya vidonge huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Ukirudi tena, zipo iodini ya mionzi na upasuaji. Mwenye macho yaliyotokeza aache sigara, na hili halina mjadala. Propranololi hutuliza moyo na mitetemo, lakini mwenye pumu aseme mapema.

Usifiche ujauzito, wala usiupange kimya kimya. Anayemeza levothairoksini huhitaji dozi kubwa zaidi mara mimba inapoingia, mara nyingi kwa robo au zaidi, kwa hiyo aende kliniki wiki ile ile aliyokosa hedhi. Anayetumia kabimazoli azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana miezi mitatu ya mwanzo dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto. Aliyepewa iodini ya mionzi asubiri angalau miezi sita.

Mtazame mtoto mchanga. Manjano isiyoisha, choo cha nadra, kilio cha kukwaruza, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza, mwili mlegevu, "mtoto mtulivu sana hasumbui": mpeleke apimwe. Aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi anatakiwa kuanza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, maana ubongo wake haungoji. Kidonge kisagwe, kichanganywe na kijiko cha maziwa ya mama, apewe hapo hapo. Kisitiwe kwenye chupa nzima, maana asipoimaliza hutajua amekunywa kiasi gani. Damu ipimwe tena wiki moja hadi mbili baada ya dozi ya kwanza.