Imbwa Anaweza Kusaidia Mugonjwa?

Mara hii tunajifunza juu ya nyama wa nyumbani. Kwetu Mambasa imbwa ana kazi yake. Katika pori la Ituri Wambuti humufunga kengele ya mti shingoni wakati wa kuwinda, kwa sababu imbwa wa ukoo ule habweki kama wengine. Paka naye anakamata panya. Lakini mutu akiugua siku nyingi, tunafukuza nyama wote karibu na kitanda chake. Je, tunafanya vema?

Tusikie kwanza habari ya Marekani. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 92 wa moyo waliotoka hopitali. Katika 53 waliokuwa na nyama nyumbani, walikufa 3 tu ndani ya mwaka moja. Katika 39 wasiokuwa na nyama, walikufa 11. Mwenye kupenda hesabu afanye mwenyewe kwa mia. Lakini tusikimbie. Labda mutu mwenye nguvu ndiye anaweza kuchunga imbwa, na zile nguvu ndizo zilimuponyesha. Tena hesabu zingine za nyuma hazikupatana zote. Kwa hiyo hatusemi imbwa ni dawa: mwenye kifua kikuu amalize vidonge vyake.

Hata hivyo, imbwa anataka chakula chake asubuhi, hata bwana wake akiwa mugonjwa. Basi yule anaamuka, anatafuta mabaki ya ugali, anatembea kidogo. Akimupapasa pole pole, moyo unatulia na tansio inaweza kushuka. Wageni wanakuja siku tatu, kisha wanachoka; imbwa hachoki. Na muzee asiyeweza tena kwenda shambani, akipewa hata kuku wawili wa kuchunga, anabaki mutu mwenye kazi. Faida hii sisi tunaiona kubwa kuliko zote.

Sasa hatari. Wengine watasema: imbwa walilamba vidonda vya Lazaro! Ndiyo, lakini ile haikuandikwa kuwa fundisho la dawa. Mate ya imbwa yanaweza kubeba raje, na karibu watu wote wanaokufa kwa raje waliipata kwa imbwa. Dalili zikionekana, karibu hakuna anayepona. Sindano inasaidia ikitangulia dalili, kama ile Pasteur aliyompatia mutoto wa miaka 9 kule Ufaransa mwaka 1885. Mutu akiumwa na imbwa, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu aende hopitali siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo.

Imbwa wa kukaa na mugonjwa achomwe sindano ya raje, asilambe kidonda, na aliyemushika anawe mikono mbele ya kula. Tena mugonjwa mwenyewe aulizwe. Kuna mutu anayeogopa imbwa tangu utoto. Kumuletea imbwa kitandani ni kumuongezea ugonjwa.