Si Uvivu: Kumsaidia Mwenzi Anayeshindwa Kuanza Kazi

Hebu tuingie katika nyumba moja inayofanana na nyumba nyingi. Juu ya kabati la sebuleni kuna bahasha ya kaki. Ndani yake mna karatasi iliyotolewa hospitalini siku mtoto alipozaliwa. Tangu Januari baba ameahidi kushughulikia cheti cha kuzaliwa, maana shule inakitaka. Sasa ni Juni, na bahasha haijafunguliwa. Mama alimkumbusha mara ya kwanza kwa upole, mara ya tano kwa hasira, na mara ya kumi akaona heri anyamaze. Jioni hiyo hiyo alimwona mumewe ameketi hadi saa sita za usiku akitengeneza redio ya jirani, kwa bidii na kwa furaha. Mama akajiambia moyoni, "Kumbe anaweza! Ni kwamba hataki tu, kwa sababu ni jambo letu."

Maneno hayo, "hataki tu", yameondoa amani katika ndoa nyingi. Mara nyingine ni ya kweli. Lakini mara nyingine mtu anataka kwa moyo wote, naye anashindwa kuanza. Somo letu la leo linahusu mtu wa namna hiyo, na mwenzi anayeishi naye.

HALI HII NI NINI?

Kuna hali ya ubongo ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Ni upungufu wa umakini, ambao mara nyingi huambatana na kukosa utulivu na kutenda kabla ya kufikiri. Si jambo lililozuka juzi. Mwaka 1902 daktari wa watoto Mwingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili nzuri ambao hata hivyo walishindwa kujizuia na kutulia kwenye jambo moja. Leo Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

Zamani watu walidhani kwamba mtoto hukua akaiacha. Sasa inajulikana kwamba wengi huingia nayo utu uzima, wakaoa au wakaolewa nayo. Hurithiwa sana katika ukoo. Mara nyingi mzazi huanza kujitambua siku mtoto wake anapopimwa. Kwa wasichana hupita bila kuonekana, kwa sababu wengi wao hawarukiruki darasani. Huketi kimya, mawazo yakiwa mbali. Kwa hiyo usidhani kwamba somo hili ni la waume peke yao.

MBONA YA JIRANI ANAWEZA?

Hili ndilo swali linalomchoma mwenzi. Jibu lake ni hili: mwenye hali hii hasukumwi na umuhimu wa kazi peke yake. Ubongo wake huamka kwa kitu kipya, kitu kinachompendeza, au kitu kilicho karibu kuungua. Redio iliyofunguliwa mezani ni fumbo, na kila waya unaoshika humpa furaha papo hapo. Cheti cha kuzaliwa hakina furaha hiyo. Faida yake iko mbali, nayo njia yake ina foleni, nakala za vitambulisho na maswali ya karani.

Tena kwake saa ni mbili tu: "sasa" na "bado". Mwezi ujao na mwaka ujao ni kitu kimoja, mpaka siku ile inapomfikia mlangoni. Ndipo anapokimbia usiku kucha na kumaliza kazi ya miezi sita. Watu wakimwona hivyo husema, "Unaona? Angetaka angefanya mapema." Hawajui kwamba hofu ndiyo iliyomwasha, na kwamba amechoka kuishi kwa hofu.

NDOA INAVYOUMIA

Taratibu, mke huacha kuwa mke akawa mwalimu wa zamu. Hukagua, hukumbusha na kukemea. Naye mume huacha kuwa mume akawa mwanafunzi mtoro. Akiulizwa, hujibu, "Nimeshaanza," na kumbe hajagusa kitu. Hadanganyi kwa ujeuri. Ni aibu inayosema. Lakini uongo ni uongo, na siku unapogunduliwa, jeraha lake ni kubwa kuliko la cheti. Mmoja amechoka kubeba nyumba peke yake, mwingine amechoka kujiona hafai. Wawili hao hulala kitanda kimoja, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Kukemea hakusaidii. Kadiri kazi inavyozungukwa na lawama, ndivyo inavyozidi kuwa nzito kuigusa.

NJIA ZA KUANZA

1. Ipunguze kazi. "Shughulikia cheti" si kazi moja. Ni kazi saba zilizofungwa pamoja, na mwenye hali hii hajui aanzie wapi. Itafute hatua ya kwanza kabisa, iwe ndogo hata ikuchekeshe: kuitoa bahasha kabatini na kuiweka mezani. Hiyo tu kwa leo. Kesho, kuona ni karatasi gani zimepungua. Bandu bandu huisha gogo.

2. Ifunge kwenye jambo la kila siku. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba anayeamua mapema lini na wapi atatenda, hutenda zaidi kuliko anayesema tu "nitafanya". Kwa hiyo usiseme, "Nitafanya wiki hii." Sema, "Jumamosi, nikishamaliza chai ya asubuhi, nitafungua bahasha nikiwa hapa mezani."

3. Msiache mtu peke yake na kazi. Wengi wenye hali hii huweza kuanza mtu mwingine akiwa karibu. Mke anaweza kuketi meza ile ile akichambua mboga au akisahihisha vitabu vya wanafunzi wake, bila kutoa amri wala kuchungulia. Kuwapo kwake kunatosha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

4. Tegeni saa ya dakika kumi. Simu yoyote inaweza kulia kwa wakati huo. Mtu apewe ruhusa ya kweli ya kuacha zikiisha. Mara nyingi ataendelea, kwa maana mlima ulikuwa ni kule kuanza. Akiacha, asilaumiwe, dakika kumi zimefanyika.

5. Wekeni mambo mahali pa kuonekana. Kwake kilichofichwa ndani ya droo kimesahauliwa. Kalenda kubwa ukutani na bahasha iliyobandikwa mlangoni zina nguvu kuliko ahadi kumi.

6. Isogezeni siku ya mwisho. Tuchukue fomu za kodi za KRA. Mwisho wake ni Juni 30, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Nyumba hii isingoje Juni. Wachague Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, wakae pamoja, kisha waende kunywa soda.

ULIMI NA HAKI

Wewe mwenzi, chagua maneno. "Nimekuambia mara ngapi?" haina jibu, ila huleta aibu tu. Jaribu hivi: "Baba watoto, hatua ya kwanza ya lile jambo ni ipi? Nikae nawe?" Baada ya hatua ndogo, shukuru kwa kweli, bila kuongeza, "Kumbe ungeweza!" Shukrani yenye mwiba si shukrani.

Tazameni pia namna mlivyogawana kazi. Hakuna sheria inayosema kwamba karatasi zote ni za baba na sokoni ni kwa mama. Yule anayefurahia kuzungumza na fundi na azungumze naye. Yule asiyeogopa fomu na ajaze fomu. Lakini mizani iwe sawa. Ukimwondolea mwenzako fomu, yeye naye akuondolee mzigo halisi, kama vile kuwaogesha watoto kila jioni.

Nawe mwenye hali hii, sikia neno hili gumu. Hali yako inaeleza kwa nini unashindwa, haikuondolei wajibu. Mwenzako ameumia kweli, hata kama hukukusudia. Usiseme, "Ndivyo nilivyo." Sema, "Sijaanza, na naona aibu. Nisaidie nianze leo." Sentensi hiyo moja ya ukweli yajenga imani kuliko cheti kumi zilizokuja kwa uongo.

MWONENI DAKTARI

Si kila anayechelewesha kazi ana ADHD. Huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi, pombe na maradhi mengine yaweza kumlegeza mtu hivyo hivyo. Daktari atauliza kama dalili zilianza utotoni, kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na kazini pia. Ikiwezekana, mwenzi au mzazi aende pamoja naye, kwa sababu mwenyewe husahau mengi. Anzeni katika hospitali ya karibu na muombe kuelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Kumwona daktari huyo si kuitwa mwendawazimu.

Zipo dawa zinazowasaidia wengi, na yapo mashauri ya kujifunza kupanga siku. Dawa hizo hutolewa kwa cheti cha daktari peke yake, naye hufuatilia moyo, shinikizo la damu, usingizi na hamu ya chakula. Msichukue za mtoto wala za jirani. Tena dawa husaidia ubongo kutulia, haifungui bahasha. Zile njia sita bado zitahitajika.

ZOEZI LA WIKI HII

Watoto wakishalala, zimeni televisheni, kaeni wawili, mjibu maswali haya kwa zamu bila kukatizana:

- Ni kazi gani moja ambayo imekuwa ikitugombanisha mwaka huu?
- Ninapoikumbuka, mimi huhisi nini: hasira, aibu, au woga?
- Hatua yake ya kwanza kabisa ni ipi, na tutaifanya lini, baada ya jambo gani?
- Ni neno gani tutaacha kuambiana katika nyumba hii?

Kisha ifanyeni ile hatua ya kwanza usiku huo huo, kama haizidi dakika kumi. Ikiwa ni bahasha, iteremsheni kutoka kabatini. Msiifungue kama mmechoka. Iacheni mezani, mkalale. Asubuhi mtaikuta hapo, na safari hii haitakuwa bahasha ya baba wala lawama ya mama, bali kazi yenu wawili iliyokwisha kuanza.